Maduka ya Sanaa Kampala: Kipi Ni Ufundi, Kipi Ni Ladha Yako

Anayetaka kununua kazi ya sanaa Kampala bila kuzunguka mji mzima aanzie kwenye vibanda vya nyuma ya National Theatre, kisha apande hadi soko la sanaa la Buganda Road. Ni mwendo wa miguu. Bidhaa zinafanana, na hata bei ya kwanza utakayotajiwa inafanana. Tathmini yetu kwa ufupi: lubugo (kitambaa cha gome la mti) na vikapu vina thamani kuliko pesa unayotoa, shanga za karatasi hazikuumizi sana hata ukikosea, vinyago vinataka jicho kali, na picha za turubai ndizo zenye mambo, kwa sababu ukuta mmoja unaweza kubeba kazi ya mtu aliyefikiri na kazi ya mtu aliyenakili, zote mbili kwa bei moja.

Mnunuzi hukwama hapo hapo. Akisita, muuzaji humtoa wasiwasi: "Nnyabo (yaani mama), sanaa ni mapenzi ya mtu. Ukiipenda, ndiyo nzuri." Waswahili tulishasema kipenda roho hula nyama mbichi, kwa hiyo kauli hiyo haikwami kooni. Tatizo lake ni kwamba huja mapema mno. Ladha ina zamu yake, ila si ya kwanza. Kabla yake kuna mambo mengi yanayoonekana, yanayoshikika, hata yanayohesabika, na anayeyaruka akaenda moja kwa moja kwenye "naipenda" hulipia ubovu kwa jina la mapenzi.

Tuanze na lubugo, maana hapo ufundi hauna pa kujificha. Ni kitambaa cha gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, na kwa Buganda kazi yake imeshikiliwa hasa na ukoo wa Ngonge. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Gome huvunwa msimu wa mvua, likiwa na maji ya kutosha. Fundi hukwangua ganda la nje, hukata duara juu na chini ya shina, hupasua mstari mmoja wa wima, kisha hulibandua zima. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo hutoa gome jingine la kuvunwa tena. Gome lililobanduliwa hulainishwa kwa moto au maji ya moto, halafu hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji: kwanza ile ya mifereji mipana, mwisho ile ya mifereji myembamba. Kazi hiyo hufanyika bandani, mbali na jua, kwa sababu gome likikauka kabla nyundo haijamaliza hukakamaa na halirudi tena. Kuanika kunakuja mwisho, na hapo jua hulipa ile rangi nyekundu ya udongo wa kuchoma.

Ukishajua hatua hizo, makosa yanajitaja yenyewe. Inua lubugo dhidi ya mwanga. Mabaka mepesi yanayokuonyesha vidole vyako upande wa pili yana maana kwamba nyundo haikupita sawasawa, na kitambaa kitachanika hapo. Kunja pembe, ibonyeze, ikunjue: iliyo nzuri hufunguka laini, iliyokauka mapema hutoa mlio wa karatasi na kubaki na mstari usiofutika. Kisha ivute taratibu kwa upana. Kwa urefu wa shina nyuzi zina nguvu, udhaifu uko kwenye upana, kwa hiyo usikubali kuonyeshwa uimara kwa kuvutiwa urefu peke yake. Kiraka si kosa. Tundu la kifundo cha tawi hushonwa, na mshono mdogo wenye nafasi sawa ni alama ya fundi anayeiheshimu kazi yake. Kosa ni gundi, yaani lubugo nyembamba iliyobandikwa kitambaa cha dukani kwa nyuma ili isimame. Harufu kidogo ya moshi ni ya kawaida. Ya ukungu, rudisha.

Ladha inaingia wapi? Kwenye rangi na matumizi. Lubugo ya kawaida ni ya rangi ya udongo. Ile ya wafalme na machifu ilitiwa nyeupe au nyeusi. Ukipenda nyeusi kuliko nyekundu, hakuna wa kukuuliza. Lakini ukikuta lubugo imechorwa picha juu yake, maswali ya ufundi yanarudi. Gome hunywa rangi. Mchoraji asiyelipaka kwanza tabaka jembamba la kuziba vinyweleo ataona mistari yake ikitawanyika kama wino kwenye shashi. Anayemwaga rangi nene ya akriliki analigeuza gome kuwa ubao, na rangi itapasuka siku ya kwanza kukunjwa. Wanaojua kazi huacha gome lenyewe liwe rangi ya kati, la ngozi ya mtu au la udongo wa barabara, wakaongeza giza na mwanga tu. Aliyelifunika lote kwa rangi angetumia turubai. Amekuuzia gome usiloliona.

Vikapu vinapimwa kwa dakika mbili. Kikapu cha hapa hujengwa kwa kuzungusha kamba nene ya nyuzi za mgomba au nyasi na kuifunga kwa rafia, mzunguko juu ya mzunguko. Kigeuze kwanza. Kitovu cha chini ndipo mfumaji alipoanzia, na ndipo pagumu, kwa kuwa nyuzi hapo hukataa kupinda. Tundu au kinundu hapo kinakuambia mkono ulikuwa mchanga. Kiweke sakafuni: kisiyumbe. Weka vidole vinne juu ya ukuta wake, hesabu mizunguko iliyo chini yake, rudia sehemu nyingine mbili. Hesabu zikipishana sana, kamba haikuwa ya unene mmoja na kikapu kitapinda kikibeba mzigo. Halafu fuata nakshi mpaka inapokutana na mwanzo wake. Duara linapopanuka mishono huongezeka, kwa hiyo asiyehesabu mapema hujikuta pembetatu ya mwisho haina nafasi, akaibana. Muuzaji mjanja huuelekeza upande huo ukutani. Mwisho, lowesha karatasi ya shashi nyeupe usugue: rangi ikitoka leo, kesho itahamia kwenye mkate.

Watu wawili wanaweza kubishana mpaka jioni kama zambarau na kijani vinapatana. Pembetatu iliyobanwa haibishaniwi. Ipo au haipo.

Sasa picha. Igeuze kabla ya kuitazama. Turubai lililovutwa vizuri ukiligonga katikati kwa kidole linakaza, halibonyei. Pembe zimekunjwa bapa, pini zimepigwa nyuma badala ya ubavuni, na fremu ya ndani ikilazwa sakafuni pembe zake zote nne zinagusa. Rangi ikionekana imepenya mpaka nyuma, turubai halikuandaliwa. Kwa rangi ya mafuta hilo ni baya zaidi, kwa kuwa mafuta huozesha nyuzi za pamba polepole. Uliza ni rangi gani. Akriliki hukauka kwa saa moja au pungufu. Rangi ya mafuta hukauka juu kwa siku kadhaa, lakini huhitaji miezi sita hadi mwaka kabla ya kupakwa varnishi ya kudumu. Ikinata kidoleni, bado mbichi, na ukiiviringisha utafika nyumbani na alama za karatasi. Kisha isogeze dirishani na uiangalie kwa pembeni: nyufa, viputo na sehemu zilizorudiwa huonekana kwa mwanga wa ubavu, hazionekani kwa mwanga wa mbele.

Baada ya hapo ndipo uitazame. Mada ni zile zile: bodaboda kwenye foleni, Old Taxi Park ikitazamwa kutoka juu, kalooli, yule ndege mkubwa mla taka, juu ya lundo la taka, wanawake wenye mitungi kichwani. Kurudia mada si dhambi. Washairi wetu wamekuwa wakirudia mahaba kwa karne kadhaa. Omba picha tatu za mwanamke na mtungi, uzisimamishe pamoja. Mtungi wenye maji una uzito, na uzito lazima ushukie mahali: shingo, mgongo, nyonga, kisigino. Teremsha mstari wa wima kwa jicho kutoka katikati ya mtungi. Kwenye picha nzuri mstari huo huangukia mguu uliobeba mwili, na shingo imekaza. Kwenye picha ya haraka mtungi ulipachikwa mwishoni, mstari unaangukia nje ya nyayo, na mama huyo angekuwa chini zamani. Tazama na jua. Mtungi unang'aa upande wa kushoto, na kivuli chake kimelala kushoto vilevile? Aliyechora alinakili picha mbili tofauti akaziunganisha bila kuuliza mwanga unatoka wapi.

Hapo mtu atauliza: kumbe sanaa nzuri ni ile inayofanana na kitu chenyewe? Hata kidogo, na jibu liko Makerere. Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma sanaa Makerere na baadaye kuiwakilisha nchi yake London, alichora watu bapa, vivuli hakuvijali, na mashamba aliyapanga kuelekea juu ya turubai badala ya kuyafanya yapotelee mbali. Kipimo chetu cha mstari wa wima hakimgusi. Hata hivyo Museum of Modern Art ya New York ilinunua mwaka 1960 picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ntiro hakuahidi uzito wala mwanga wa jua. Aliahidi mpangilio, mwendo wa watu na utulivu wa rangi, na ahadi hiyo ameishika kutoka ukingo hadi ukingo. Mchoraji wa mtungi aliahidi uzito, akashindwa kuubeba. Kila picha inatangaza sheria zake, na inahukumiwa kwa hizo ilizojiwekea. Ukianza kutazama hivi utashangaa jinsi picha nyingi za vibandani zinavyobadilisha sheria katikati: uso umechorwa kwa uangalifu, mikono imekimbiwa.

Hata sheria zenyewe zina walimu. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi kwa maneno, wao wakachora walichokiona akilini. Hakutaka kuwatwika kanuni za Ulaya. Mrithi wake mwishoni mwa miaka ya 1950, Cecil Todd, alileta historia ya sanaa ya Ulaya na nadharia ya rangi. Chuo kile kile, mlima ule ule, na jicho la kuhukumu likabadilika kwa sababu kiti kilibadilisha mkaliaji. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ladha huzaliwa nayo mtu. Hufundishwa, na kilichofundishwa kinaweza kupanuliwa.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika mwaka 1757 juu ya jambo hili akitumia kisa cha Cervantes. Jamaa wawili walionja divai ya pipa moja. Wa kwanza akasema ni nzuri ila ina ladha kidogo ya ngozi; wa pili akasema ni nzuri ila ina ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini ulikutwa ufunguo wa zamani wenye kamba ya ngozi. Hume hakudai kwamba watu wote watapenda divai moja. Alikubali kwamba umri na mila huwavuta huku na huko, na kijana na mzee hawatachagua mshairi mmoja. Alichodai ni kwamba kuna anayeonja vizuri kuliko mwingine, na humtambui kwa majivuno yake ila kwa mazoezi, kwa kulinganisha vitu vingi na kwa kuweka upendeleo kando. Kwa mnunuzi wa Kampala maana yake ni nyepesi: pitia vibanda vyote kabla ya kufungua pochi. Picha ya kwanza ya kalooli kuiona ni nzuri siku zote. Ya kumi ndiyo inayokuambia ya kwanza ilikuwaje.

Darasa la bure lipo karibu. Toka National Theatre, tembea hadi kwenye Mnara wa Uhuru wa Gregory Maloba, uliosimamishwa 1962. Mama aliyefungwa vitambaa mwilini anamwinua mtoto juu. Zunguka, uulize swali lile lile la uzito: nani anambeba nani, na nguvu inatokea wapi. Ukirudi vibandani, vinyago vingi vitakuwa vimepungua thamani machoni pako, na hilo si jambo baya.

Kwa vinyago tuwe wepesi. Mpingo halisi huzama majini. Mti laini uliopakwa rangi huelea. Sugua chini ya kinyago, si usoni, kwa pamba yenye mafuta kidogo: pamba ikigeuka nyeusi, umeshika rangi ya viatu. Ufa unaotoka katikati ya shina kwenda nje ni dalili kwamba mti ulichongwa mbichi, na ukiupeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi utaendelea kufunguka. Bidhaa nyingi hapa zimetoka Kenya, hasa mawe ya Kisii. Si aibu kuzinunua, ila usilipie nauli ya Kisii ukidhani unaikuza sanaa ya Uganda. Anayetaka kujua mti unaweza kusema nini aende maktaba kuu ya Makerere akaone kazi ya Francis Nnaggenda ya majeruhi wa vita: mwili usiokamilika, na hakuna mwenye akili atakayeita kasoro hiyo kosa la fundi.

Shanga za karatasi: karatasi ya jarida au kalenda hukatwa pembetatu ndefu, kitako cha sentimita moja au mbili, urefu wa sentimita 25 hadi 30, ikaviringishwa kwenye sindano kuanzia kitako, ncha ikabandikwa gundi, kisha ikachovywa varnishi zaidi ya mara moja, kila tabaka likikauka kivyake. Zikague hivi: bingirisha ushanga mezani, usiyumbe, pitisha ukucha kwenye ncha, isiinuke, kamata mkufu mzima kiganjani kwa dakika moja, usinate. Unaonata ulichovywa haraka haraka, na siku ya joto utashika kola ya shati.

Nyumba za sanaa ni habari nyingine. Nommo Gallery ya Nakasero ilifunguliwa 1964 na iko chini ya kituo kile kile cha utamaduni kinachosimamia National Theatre. Makerere wana yao. Afriart Gallery huonyesha wasanii wa leo. Vibandani unahesabu makumi ya maelfu ya shilingi, kwenye nyumba hizi unaweza kuhesabu mamilioni. Sehemu ya pesa hiyo haiendi kwa msanii: duniani kote nyumba za sanaa huchukua mara nyingi theluthi hadi nusu. Unanunua nini basi? Jina, mwaka na aina ya rangi vilivyoandikwa, karatasi ya uhakika, na kazi ya mtu aliyekataa picha nyingine ili hii itundikwe. Kama unataka ukuta upendeze, ni ghali mno. Kama unataka kitu ambacho mwanao atakuuliza habari zake, bei hiyo inaeleweka. Chema chajiuza, wanasema. Mjini hapa kibaya nacho kinajiuza, tena kwa haraka zaidi, na ndiyo maana mtu wa kuchuja ana ujira wake.

Malalamiko yetu kwa vibanda vya mjini ni moja kubwa: jina la aliyefanya kazi halipo. Uliza, "Ssebo (yaani bwana), hii ameifuma nani, na wapi?" Aliyeifanya mwenyewe hujibu kwa mikono, anakuonyesha alivyoanza. Aliyeinunua kwa jumla atarudi kwenye bei. Bei ya kwanza ni salamu tu, mpunguze kwa heshima, lakini kwa kikapu kilichopita vipimo vyote hapo juu usimkabe mfumaji. Siku za kazi zimo ndani yake.

Kusafirisha: turubai huviringishwa rangi ikiwa nje, siyo ndani, juu ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, na karatasi safi isiyonata katikati. Ukiagiza picha isiyo na fremu, omba ukingo mtupu wa sentimita 5 kila upande, la sivyo fundi wa fremu atakula miguu ya watu. Ukutani, weka vipande vidogo vya mpira nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Unyevu wa Kampala huotesha ukungu nyuma ya picha iliyobanana na saruji. Lubugo haifuliwi. Ipanguse kwa brashi laini, na ikipata mkunjo, itundike bafuni wakati maji ya moto yanatoka mvuke, kisha ilaze bapa chini ya ubao mpaka ikauke.